Ndoo Katika Chumba cha Mama Mkwe

Nilimtoa mama mkwe wangu katika chumba chake ili nikipate kwa ajili ya ndoo ya divai. Naliandika hili upesi kabla sijapata namna nzuri zaidi ya kulisema, maana namna nzuri za kusema mambo ndizo zilizoniponza. Kwa miaka mitatu, kila aliyeniuliza, akiwemo mume wangu, nilimjibu kwamba nilimhamisha mama kwa sababu ya unyevu ukutani, na kwamba unyevu ni adui wa magoti ya watu wazima. Nilikuwa na maneno ya kitaalamu kuhusu chokaa, kuvu na mapafu. Ukweli ni kwamba ukuta ule ulikuwa mkavu kama makopa ya muhogo, na aliyekihitaji chumba alikuwa ndoo ya plastiki ya lita ishirini, yenye kifuniko cheupe, ambayo mimi nilizoea kuiita "mgonjwa".

Tunakaa Ukunda, katika nyumba ambayo kwa kweli ni nyumba mbili zilizooana bila kupendana. Ya mbele ni ya matofali ya saruji na mabati, ina dari ya mbao nyepesi na madirisha ya vioo. Mwenye nyumba huiita ya kisasa. Ya nyuma ni chumba kimoja tu cha zamani, kuta nene za matumbawe, paa la makuti, na dirisha dogo linaloupokea upepo wa baharini. Saa nane mchana, mwezi wa Januari, ukitoka vyumba vya mbele ukaingia cha nyuma, unahisi kama mtu amekuvua koti ambalo hukujua umelivaa.

Mume wangu ni fundi wa mitambo ya baridi. Huzunguka mahoteli ya Diani akihakikisha kwamba samaki wa wageni hawaozi na wageni wenyewe hawatoki jasho. Nyumbani kwetu hakuna kiyoyozi hata kimoja. Nilipomlalamikia, alinijibu kwamba kutwa nzima anashughulikia baridi ya watu, akirudi anataka kukuta joto lake mwenyewe.

Divai ilinijia nilipoacha kufundisha chuoni nikabaki na kuandika makala, kazi ambayo humwachia mtu nafasi kubwa ya kufanya mambo mengine badala yake. Jirani yangu ni mwanamke wa Kidigo, Mwislamu asiyekosa swala, na jamaa zake wana shamba la mikorosho upande wa Msambweni. Msimu ukifika, watu hung'oa korosho wakaliacha bibo lenyewe chini ya mti, tunda jekundu au la manjano lililojaa maji, kwa kuwa likishaanguka halimalizi siku kabla ya kuchacha. Niliona ni dhambi kuliachia nzi. Nikamwomba jirani aniletee. Akaniletea beseni mbili na nusu ya tatu, akazitua mlangoni, akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Haya, mabibo yako hayo. Mie sikuulizi wayafanyia nini, na wewe usinijibu."

"Nataka kutengeneza jemu."

"Jemu ya beseni tatu?" Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Haya, dada. Mwenyezi Mungu ni shahidi, mimi nimesikia jemu."

Tangu siku hiyo, baina yetu wawili, divai yangu ikawa inaitwa jemu.

Ya kwanza niliitengenezea jikoni. Nilikamua mabibo, nikachuja kwa kitambaa, nikapunguza ukakasi kwa maji ya mchele kama nilivyosoma, nikatia sukari na hamira, nikafunga kifuniko chenye mrija ulioingia katika chupa ya maji. Jioni mapovu yakaanza kutoka mrijani, moja baada ya jingine, nami nikakaa kwenye kigoda nikiyatazama kama mtu aliyepata mjukuu. Siku ya tatu mapovu yalikwenda mbio mpaka chupa ikawa inatetemeka. Nilidhani ni dalili ya afya. Nilipotumbukiza kipimajoto kilisoma digrii thelathini na saba. Ingekuwa ni mtoto, ningempeleka zahanati. Siku ya sita jiko lilinuka mayai viza na mpira uliochomwa, na mume wangu akauliza kwa upole kama kuna kitu kimekufa nyuma ya kabati.

Ndipo nikaanza kusoma vizuri, jambo ambalo mtu aliyekaa chuo kikuu miaka mingi angepaswa kulifanya mwanzo. Hamira ni viumbe hai. Hula sukari, na vikila hutoa joto, kama watu waliojazana kwenye ukumbi wa arusi. Kwa hiyo ndoo ya divai daima ina joto kupita chumba ilichomo. Chumba kikiwa na digrii thelathini na tatu, mle ndani hamira ziko motoni. Hula kwa pupa, hutoa harufu mbaya, kisha hufa na kazi haijaisha. Mgema wa mnazi hana shida hii. Anachogema asubuhi kimeshanywewa kabla ya jua kuzama, na kikizidi ukali, wapo wanaoupenda ukali wenyewe. Divai inataka majuma kadhaa, na majuma hayo inataka kukaa mahali pa baridi.

Nilijaribu kila kitu. Niliisimamisha ndoo ndani ya karai la maji. Niliivika gunia bichi, kwa kuwa vitabu vilisema maji yakikauka kwenye kitambaa hubeba joto yakaondoka nalo. Vitabu hivyo viliandikwa na watu ambao nguo zao hukauka. Pwani miezi ya joto hewa yenyewe imelowa. Gunia lilikaa bichi kutwa nzima bila kupoteza tone, na mgonjwa ndani akaendelea kuwaka. Nikaongeza feni. Feni ilisaidia, mpaka umeme ukatike. Nikaanza kugandisha chupa za maji na kuzitumbukiza karaini asubuhi na jioni, hata mume wangu akawa akifungua friji kutafuta samaki anakuta chupa sita zimemkodolea macho.

"Unajua," aliniambia siku moja, akiwa amechuchumaa kando ya karai kwa hamu ya fundi, "hakuna mtu anayetengeneza baridi. Sisi tunahamisha joto tu. Ukilitoa hapa, lazima ulipeleke mahali."

Nikamwambia asante. Sikujua alikuwa amenieleza makosa nitakayoyafanya.

Mama yake alikuja kwetu mwisho wa mwaka huo huo. Ni mwanamke wa milimani, bara, wa zaidi ya miaka sabini, mjane, mwembamba, mkimya, aliyeokoka ujanani na asiyeonja kileo. Alikuwa ameanguka uani kwake akiwa peke yake, na presha ilikuwa inapanda na kushuka kama mtoto kwenye ngazi. Mume wangu akasema imetosha, mama atakaa nasi, kliniki ziko karibu, hospitali ya Msambweni si mbali. Tulimpa chumba cha nyuma bila majadiliano. Mtu aliyezoea ukungu wa asubuhi huwezi kumweka chini ya mabati ya Ukunda.

Alikipenda. Hakusema hivyo, maana si mtu wa kusifu, lakini aliweka kiti chake dirishani, Biblia yake juu ya kimeza, viatu vyake sambamba chini ya kitanda, na siku ya tatu akaniambia, "Hapa ninapumua." Jirani alikuja kumsalimia. "Shikamoo, mama," akamwambia kwa adabu zote za kipwani. Mama mkwe, ambaye kwao hawakuzoea salamu hiyo, alimjibu, "Mzuri sana." Walicheka wote wawili, na toka hapo jirani akawa anampitia kila alasiri.

Siku aliyopelekwa kliniki na mwanawe, mimi niliingia kufagia. Nilikuwa na kipimajoto mfukoni. Siwezi kusema kilifikaje mfukoni. Nilikitundika ukutani, nikafagia polepole, nikapangusa vumbi mahali pasipo na vumbi, nikakisoma. Saa nane mchana: ishirini na sita.

Nilikaa kitandani kwa mama mkwe wangu nikashika kichwa. Mabibo ya mwisho ya msimu yalikuwa jikoni, yamekwisha kamuliwa. Nilikuwa nimeharibu ndoo mbili. Na hapa, mita kumi na tano kutoka jikoni kwangu, palikuwa na baridi ambayo hamira huiota, nayo ilikuwa inatumiwa na mwanamke mmoja mwembamba kusomea Zaburi.

Ningeweza kumwomba tuiweke ndoo pembeni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Niliogopa kumwambia mtu aliyeokoka kwamba mke wa mwanawe anatengeneza kileo; hiyo ni sababu moja. Nyingine ni mbaya zaidi: ndoo ilihitaji kufunguliwa, kupimwa, kubadilishiwa maji mara kwa mara, na nilitaka kuifanya kazi hiyo peke yangu, mlango umefungwa, bila mtu wa kunitazama.

Kesho yake nilimwita dirishani, nikamwonyesha alama ya kijivu kwenye chokaa.

"Unaiona hii, Mama? Huu ni unyevu. Matumbawe hunyonya chumvi, chumvi huvuta maji. Kwa magoti yako hapafai kabisa."

Alivaa miwani. Alisogea, akaweka kiganja chake juu ya alama, akakaa hivyo kwa muda, kisha akakigeuza kiganja na kukitazama. Kilikuwa kikavu.

"Ninaona," akasema. "Sawa. Wewe ndiye unajua nyumba."

Alibeba Biblia na viatu vyake mwenyewe. Mimi nilibeba kiti.

Sasa ni lazima niseme kwamba ile divai ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya, hadithi hii ingekuwa na haki ndani yake. Ndani ya chumba cha nyuma mgonjwa alitulia. Ndani ya karai la maji, na chupa mbili tu za barafu kwa siku, kipimajoto hakikupanda kupita ishirini na nane. Mapovu yalitoka kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenda kanisani mapema. Harufu ilikuwa ya tunda, ya asali kidogo, na ukakasi wa bibo ulirudi nyuma kama mgeni anayejua mahali pa kukaa.

Mama alikuwa mbele, chini ya mabati. Siku ya tano nilipita mlangoni kwake nikielekea friji kuchukua barafu, nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni la maji, leso mbichi shingoni, na feni inampulizia leso ile ambayo haikukauka. Alikuwa amefumba macho. Nilisimama na chupa ya barafu mkononi. Kila nilichomjaribishia mgonjwa wa kwanza kikashindwa, mama alikuwa amejifanyia mwenyewe, bila kitabu. Alipofumbua macho aliniuliza, "Kuna joto leo, ama ni mimi?"

"Kuna joto, Mama."

"Ndiyo," akasema, na kufumba tena.

Chupa ile ya barafu niliipeleka chumba cha nyuma. Hamira zilikuwa katikati ya kazi. Nilijiambia hivyo: zimebaki siku chache tu, zikimaliza nitamrudisha, nitasema unyevu umetibiwa.

Hakungoja. Mwishoni mwa Februari alituambia kwamba mvua zinakaribia na maharage yake yanataka kupandwa. Mume wangu alimsihi. Akamwambia kuna watu wa kupanda. "Watu hupanda ya watu," mama akajibu, akafunga mfuko wake. Akavuka feri ya Likoni, akaenda zake.

Tuliwaita marafiki waje kuonja. Walisifu. Mmoja wao, anayesimamia vinywaji katika hoteli fulani, aliizungusha kwenye gilasi, akanusa, akasema hakuamini kwamba imetengenezwa Ukunda bila chumba cha baridi. Nilisimama nikatoa maelezo marefu kuhusu karai, gunia na kipimajoto. Nilikuwa mchangamfu sana. Mume wangu alinitazama kwa fahari, nami nikakwepa macho yake kwa kumwongezea divai.

Mwaka uliofuata mama hakuja. Maharage. Mwaka wa pili, mbuzi alikuwa karibu kuzaa. Kisha kwaya, kisha paa la jiko, kisha magoti, kwamba hayataki safari. Mume wangu alimpigia kila Jumapili na kila Jumapili alikata simu akiwa amepungua kidogo. Mara aliniuliza kama niliwahi kumwudhi mama yake. Nikamwambia, "Mimi? Si ndiye niliyemtoa kwenye unyevu?" Nililisema bila hata kupepesa. Uongo ukikaa sana nyumbani hupata kiti chake.

Msimu huu wa mabibo ulipokaribia, mama alianguka tena. Aliteleza kwenye ngazi ya jiko lake, akakaa chini mpaka jirani yake alipopita kukopa chumvi. Hakuvunjika, lakini mkono ulivimba na presha ikapanda sana. Mume wangu alitaka kwenda kumchukua siku hiyo hiyo. Mama akakataa. Alisema ana maharage.

Mume wangu aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, simu mkononi, buti za kazi zikiwa miguuni bado. "Miezi hii hakuna maharage," akasema. "Nimemkosea nini mama yangu? Niambie. Wewe unajua kusoma watu. Nimemfanya nini?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, chumba chenyewe kiko nyuma yake. Nikamwambia wazee ni watu wa kwao, hawapendi kuhama. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kufungua kamba za buti.

Siku mbili baadaye nikaenda kwa jirani kuulizia mabibo. Alikuwa anakuna nazi barazani, hakuinua kichwa.

"Mwaka huu sikupi."

"Msimu umekuwa mbaya?"

"Msimu mzuri. Sikupi tu. Jemu yako imemfukuza mama wa watu."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta njia. Nikaanza kueleza habari za unyevu, na chumvi katika matumbawe.

"Koma," akasema, na sasa akaacha mbuzi ya nazi na kunitazama. "Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mawe. Unyevu naujua, wanuka nguo zilizosahauliwa. Nilikwenda kumtazama mama nikamkuta mbele kule anaokwa, nikamuuliza, vipi tena? Akaniambia, mke wa mwanangu amesema kule kuna unyevu. Nikapita nyuma, nikanusa mlango. Wallahi dada, kulinuka jemu tupu."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Kwani yeye hana pua?" Akarudi kwenye nazi yake. "Na usimtume mumeo akusemee. Kosa lilitoka kwenye mdomo wako. Mdomo huo huo uende."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ndefu, lakini Ukunda haina njia ndefu ya kutosha. Mume wangu alikuwa uani, amefungua feni, mapanga yake yamepangwa juu ya gazeti. Nikamwambia. Nilisema kwa sentensi moja, mbaya, isiyo na chokaa wala kuvu: chumba hakikuwa na unyevu, nilikitaka kwa ajili ya divai.

Aliinua macho kutoka kwenye feni, bisibisi mkononi. Kisha akauliza, "Lita ngapi?"

"Ishirini."

"Digrii ngapi mle ndani?"

"Ishirini na sita. Saa nane mchana."

Nikaona kichwa chake kikitikisika kidogo, kwa kazi tu, kama fundi anayesikia kwamba mtambo ulifanya vizuri. Kisha kikaacha.

"Na mbele?"

"Thelathini na tatu. Ama nne."

"Unasema tu, ama ulipima?"

"Nilipima."

Aliweka bisibisi juu ya gazeti kwa uangalifu mkubwa. Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia akifungua bomba la maji na kulifunga. Aliporudi alikuwa na simu. Aliiweka mbele yangu, kati ya mapanga ya feni, spika imewashwa, tayari inaita.

"Ongea wewe," akasema, akasimama pale pale.

"Haloo," sauti ya mama ikaja, na nyuma yake kuku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo ni wewe? Mwanangu yuko salama?"

"Yuko salama. Yuko hapa. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono ni mkono. Sema."

"Mama, kile chumba hakikuwa na unyevu."

Kuku walilia. "Ninajua," akasema.

"Nilikitaka kwa sababu kina baridi. Nilikuwa nimeweka..."

"Pombe. Ninajua. Mimi niliokoka, mwanangu, lakini pua sikuitoa sadaka."

Mume wangu aligeuza uso upande wa ukuta. Nikamuuliza mama kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Nyumba ni yako. Na wewe ulikuwa umesimama kando ya ukuta kama daktari." Nikamsikia akifukuza kuku, kisha akaendelea. "Nilipoolewa, nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa na moto mmoja. Huku kwetu mwezi wa Julai baridi inakata masikio. Baba mkwe alikuwa anatengeneza pombe ya asali, na pombe ya asali haipendi baridi. Vibuyu vilikaa kuzunguka moto. Watu walikaa nyuma ya vibuyu. Mimi, bibi arusi, nililala mlangoni. Unajua mama mkwe aliniambia nini? Kwamba mlangoni kuna hewa nzuri ya kifua."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.

"Cheka tu," akasema. "Hata mimi nilikuwa karibu kucheka, uliponionyesha ule ukuta. Pombe ya huku inataka joto, pombe ya huko inataka baridi, na kila mara anayehamishwa ni mimi."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe kabla sijafika Likoni. Si hiyo iliyonizuia." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayezungumza kazi. "Ulinidanganya vizuri mno. Mama mkwe wangu alidanganya vibaya, kila mtu alijua, tukaishi. Wewe ulidanganya kwa Kiswahili kizuri, na maneno ya shule. Na wewe ndiye uliyekuwa unanisomea karatasi za dawa. Nikajiuliza, huyu siku moja akiniambia hii ni ya asubuhi, hii ni ya jioni, nitajuaje?"

Nina shahada mbili. Nikamwambia ni kweli.

"Hicho chumba sasa kina nani?"

"Kitupu, Mama. Kitanda chako kipo."

"Na pombe?"

"Nimeiacha," nikasema.

Mume wangu aligeuka.

"Kuna lita kumi," nikasema. "Za nanasi. Ziko jikoni; chumbani kwako sikuthubutu tena. Zina digrii thelathini na tano na zimeanza kunuka."

"Sasa ninakusikia," mama akasema. "Mpe mwanangu simu."

Nikampa. Alisikiliza akiwa amesimama wima, akisema ndiyo, ndiyo Mama, hapana Mama. Kisha akafunika simu kwa kiganja na kuniambia kwamba Jumamosi anakwenda kumchukua, na kwamba gari liwe na nafasi nyuma, kwa sababu mama anakuja na kuku wawili na hataki kuulizwa.